Bibi Pua Hayupo Mahali Pake

Kituo cha mafuta, mwisho wa lami
Jumatatu, tarehe 4

Mama Kitinda,

Tumefika mwisho wa lami salama, na usalama wenyewe umetokana na mimi, maana huyo mnayemwita mkwe anaendesha gari kama mtu aliyepakata mayai ya watu. Nilimwambia ongeza mwendo, akasema ndiyo mzee. Nikamwambia punguza, akasema ndiyo mzee. Nikamwambia, kumjaribu tu, kwamba gari hupata nguvu zaidi ukifungua mlango mmoja hewa ipite. Akasema ndiyo mzee, kisha akautazama mlango! Huyo ndiye unayetaka nimpe binti yangu?

Nilisema na sirudi nyuma: anayemtaka Kitinda atapita nami kwenye miamba kwanza. Sebuleni kila mtu ana adabu. Hata paka ana adabu sebuleni ukimwekea zulia. Mtu hujulikana jangwani, jua likiwa kwenye utosi na matako yakiuma. Yule mchumba wa bima nilipomwambia hivyo alitafuta kofia yake akaondoka, na hadi leo hatujui alikokwenda. Huyu Fundi Baridi hakukimbia kwa kuwa safari yenyewe ni ya kazi yake. Kazi yake si unaijua, hoteli za miambani zikifungwa kwa ajili ya joto, yeye ndiye anayepita moja moja kuyapangusa mafriji matumbo. Mwanamume mzima, na ndevu zake, anapiga magoti kusikiliza friji linavyokoroma.

Mimi njia hii niliimaliza. Nilipeleka watalii kila msimu wa baridi hadi mvi zikanikuta kwenye usukani. Joto likianza kampuni ilifunga geti, nami nikarudi nyumbani kukuudhi. Ramani sikuwahi kushika. Ramani ni ya watu waliokosa macho. Sisi madereva wa zamani tuliipa miamba majina na tulikwenda kwa majina hayo: ukifika Sufuria Tatu shika kulia, ukimwona Bibi Pua kata kushoto. Waulize wote, nani alikuwa wa kwanza kufika kila mara? Watakutajia Gia Kubwa.

Huku simu ni kioo cha kutazamia meno tu. Barua hii nampa dereva wa lori la mafuta anayeshuka mjini, aiache kwa Kitinda pale dirishani anapokatia tiketi za basi. Nimeifunga kwa gundi. Mwambie asiifungue.

Mimi mumeo,
Gia Kubwa


Nyumbani
Jumatano, tarehe 6

Baba Kitinda,

Barua imefika ikiwa imefunguliwa. Gundi uliyotumia ni ya viraka vya tairi, abiria wawili walihama foleni kwa sababu ya harufu. Kitinda aliisoma yote palepale dirishani, akaileta nyumbani, akaiweka mezani, akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi. Wewe unayejua watu jangwani, niambie hiyo maana yake nini.

Nikukumbushe, maana kumbukumbu zako zote ziko kwenye magurudumu. Binti ana miaka thelathini na minne. Yule mwalimu ulimkataa kwa sababu anatafuna polepole. Wa bima ulimkataa kwa sababu ya soksi nyeupe, na hiyo ya kumtisha kwa jangwa ilikuja baadaye, usinidanganye, nilikuwepo. Mjomba wa Fundi Baridi na shangazi yake watakuja Jumapili, tarehe 17, kusikiliza jibu lako. Ni watu wazima, watapanda basi alfajiri. Hawaji kutazama mvi zako.

Mwache kijana afanye kazi yake. Mtu akikuitikia ndiyo, shukuru. Mimi niliacha kukuitikia zamani na unaona tunavyoishi.

Na usimfundishe njia. Amepita huko mwaka hadi mwaka bila wewe na amekuwa akirudi.

Mkeo


Hoteli ya pili, miambani
Ijumaa, tarehe 8

Mama Kitinda,

Soksi zilikuwa nyeupe kweli, na viatu vyeusi. Sijutii.

Nakuandikia nikiwa kwenye baraza ya hoteli isiyo na mtu. Viti vyote vimepandishwa juu ya meza, miguu hewani kama mbuzi waliokufa. Vitanda vimefunikwa shuka hadi kwenye mito. Bwawa la kuogelea limekauka na ndani yake yuko mjusi mmoja anayejiona meneja. Mlinzi naye analala mchana, tena anasema ndiyo anavyolinda, kwa kuwa mwizi gani atakuja kwenye joto hili. Hapo nilikubaliana naye. Ukigusa kitasa cha mlango unaacha ngozi.

Hii miamba watu walilipa pesa nyingi kuja kuililia. Nakumbuka mama mmoja alishuka kwenye gari langu, akaliona jiwe, akatoa leso. Nikamwambia mama, hilo ni jiwe. Akasema umebahatika kuishi karibu nalo. Kuishi karibu na jiwe ni bahati? Basi kuku wote wana bahati. Ni mawe yaliyokosa kazi, mekundu, yamebebana bila sababu, jingine limesimama kwa mguu mmoja kama mwenda wazimu. Msimu huu hakuna hata wa kuyalilia. Yamesimama tu, yanajisikia.

Lakini kuna jambo silipendi. Tulipopita Sufuria Tatu niliona mbili. Nikamwambia Fundi asimamishe, nikashuka, nikahesabu. Mbili. Nadhani wenye hoteli wamechokonoa ya tatu wapate mawe ya kujengea ukuta. Nikamwambia Fundi, umeona uharibifu huu? Akasema ndiyo mzee. Nikamwambia, si zilikuwa tatu? Ndiyo mzee. Nikamwambia, au zilikuwa nne? Ndiyo mzee!

Nakuapia nilitaka kumzaba kofi. Kijana anafanya kazi vizuri, hilo siwezi kumnyima, friji lililokufa kabla ya chakula cha mchana lilikuwa linatetemeka jioni. Alimpa mlinzi kipande cha barafu, mlinzi akakibusu. Lakini ndani ya huyu mtu hamna uti wa mgongo, mmejaa gesi ya friji. Kitinda ana ulimi wangu. Atamkalia huyu kichwani, atamchoka kabla mwaka haujaisha, na atarudi kwangu akilia. Mimi nafanya hesabu hizo mapema.

Kesho namaliza mtihani. Hatupiti njia kuu kwenda hoteli ya tatu, tunapita nyuma, kwa Bibi Pua. Wewe hujamwona. Ni mwamba mrefu wenye uso wa kikongwe, una pua kubwa iliyopinda. Kwenye pua unakata kushoto na umefika. Nilipomwambia Fundi nilimwona akisita. Akatazama juu, akatazama miguu yake. Nikasubiri. Nikasema moyoni, sema baba, sema neno lolote. Akasema ndiyo mzee.

Namdharau kabisa.

Mumeo,
Gia Kubwa


Nyumbani
Jumapili, tarehe 10

Baba Kitinda,

Barua yako imeletwa na dereva wa lori la mafuta, na huyo dereva ananiambia njia ya nyuma haipitwi na mtu msimu huu, mchanga ni laini na kisima kimekauka. Natumaini karatasi hii itakukuta kituo cha kati kabla hujafanya ulichoazimia, ingawa nakujua, umeshakifanya.

Kitinda amesoma kwamba atamchoka mumewe kabla mwaka haujaisha na kurudi kwako akilia. Amecheka. Sikukipenda kicheko hicho.

Mimi nitakwambia ukweli kwa kuwa uko mbali na huwezi kupiga meza. Shida si kijana. Ukimletea malaika utasema mabawa yanamwaga manyoya. Watoto wakubwa wote wameondoka, kila mmoja ulimsindikiza hadi getini ukimtukana. Amebaki huyu mmoja anayekuwekea chai na kukubishia habari za magazeti. Unaogopa meza yenye viti viwili, mimi na wewe tukitazamana hadi Mungu atuite. Hata mimi naogopa, lakini mimi sitamfunga mtoto kwenye mguu wa meza kwa ajili hiyo.

Pita njia kuu.

Mkeo


Kituo cha kati
Jumatano, tarehe 13

Mama Kitinda,

Tumechelewa kidogo. Sababu ni uzembe wa wanaosimamia nchi hii, maana wanahamisha miamba bila kutoa tangazo. Bibi Pua hayupo mahali pake. Nimemtafuta kwa utaratibu, upande huu na upande ule, na ninakwambia mimi, mtu mzima niliyepita pale nikiwa nimefumba jicho moja: hayupo. Kuna mwamba mwingine wamesimamisha pale, bapa, hauna sura ya mtu wala mnyama.

Baada ya hapo tulipumzika kidogo mchangani. Gari lilikuwa linahitaji kupumzika. Maji yalitosha, na sisi si watu wa kunywakunywa. Usiku palikuwa na hewa safi.

Hayo si muhimu. Muhimu ni tusi nililotukanwa.

Njia ya nyuma niliiendesha mwenyewe, usukani nilikamata mimi. Asubuhi ya pili, tukiwa tumeshalichimbua gari, nikamwambia Fundi apande twende mbele, Bibi Pua atakuwa nyuma ya kilima kile. Hakusema ndiyo. Nikadhani joto limemwingia masikioni, nikarudia. Akazunguka upande wangu, akaingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo. Ufunguo, Mama Kitinda! Mkono wangu ukiwa kwenye gia!

Akasema, "Mzee, shuka."

"Nishuke niende wapi?"

"Ukae upande wa pili. Leo huendeshi."

"Unajua unazungumza na nani wewe?"

"Na mtu aliyetupeleka mbali na njia, na maji yamebaki nusu dumu. Hiyo pua unayoitafuta ni kivuli, mzee. Wewe umepita huku wakati wa baridi tu, jua lilikuwa linatokea kule, likimpiga bibi yako ubavuni, pua ikachomoza. Sasa hivi linatokea huku, linampiga usoni. Mimi huku nakuja na joto kila mwaka, natafuta kivuli cha kuwekea mashine zangu, vivuli vya msimu huu navijua. Tulimpita jana mara mbili. Hana pua. Na Sufuria ziko zote tatu, moja imeingia gizani nyuma ya mwenzake."

Nikamwambia, "Na kama ulijua jana, mbona hukusema jana?"

Akatazama miguu yake kama kawaida.

Sasa huyo ni mtu wa aina gani? Jana anajua ananyamaza, tunazama. Leo anajua ananivua usukani kama mlevi, mimi Gia Kubwa, mbele ya mawe yote yale. Akaendesha yeye. Nilimwambia anashika kulia mno, hakujibu. Nilimwambia asimame, hakusimama. Tukatokea njia kuu nikiwa nimekaa kama kifurushi.

Mwoga akikosa woga anakuwa jeuri, na mimi mkwe mwoga simtaki na mkwe jeuri simtaki. Wakija mjomba na shangazi waambie jibu langu ni hapana. Usilipambe maua. Hapana.

Mumeo,
Gia Kubwa

Barua yako ya njia kuu nimeikuta hapa sasa hivi. Hiyo habari ya viti sijaielewa.


Nyumbani
Ijumaa, tarehe 15

Baba Kitinda,

Umeielewa.

Na mimi nimeelewa "tulipumzika kidogo." Wale wa lori la mafuta waliowakuta mkitokea njia kuu, wakamhoji kijana, wamesimulia kituo kizima cha basi. Kwamba mdomo wako ulikuwa umepasuka kama ganda. Kwamba kijana alichimba mchanga kwa sahani ya friji usiku kucha, wewe ukiwa chini ya gari unamwelekeza namna ya kuchimba. Kwamba maji yake alikupa wewe, na hukumwuliza yeye amekunywa nini. Kitinda alisikia hayo akiwa dirishani na tiketi ya mtu mkononi. Akaikata, akamrudishia mtu chenji yake sawasawa, akafunga dirisha.

Sasa nisikilize. Mimi ndiye niliyempa kijana zile ndiyo.

Kabla hamjaondoka alikuja jikoni akaniuliza, mama, nitaishije na baba njiani? Nikamwambia, huyo mtu hukataa watu kwa kutafuna, usimpe sababu. Lolote atakalosema, sema ndiyo mzee. Akisema jua ni la kijani, sema ndiyo mzee. Mdomo wako ukianza kubisha umempoteza Kitinda. Akaniapia. Nilijiona nina akili kuliko wote wawili. Kumbe nilimfunga kijana mdomo, wewe ukaukamata usukani, na kati yetu mimi na wewe tulikaribia kumletea mtoto maiti mbili. Kwa hiyo usimwite mwoga. Alikuwa amenipa neno lake, akalishika hadi maji yalipofika nusu dumu. Ndipo akaona bora amkose Kitinda kuliko akuzike wewe. Jibu lako la hapana alikuwa ameshalikubali aliposhika ule ufunguo. Fikiria hilo, kama bado una kitu cha kufikiria nacho.

Jibu lako sijampa mtu. Kitinda amelisoma, lakini hilo si mimi niliyempa. Amefungasha. Kampuni ya basi ilikuwa inatafuta mkata tiketi wa kituo cha mwisho kule kusini, ameomba, Jumatatu anaondoka. Peke yake. Anasema bila ndiyo ya baba yake haolewi, hataki ndoa ya kujificha, lakini pia hatalala chini ya paa la mtu anayesema hapana kwa kila mtu. Nimemsihi. Ananijibu kwa sauti yako.

Kwa hiyo viti vitabaki viwili, useme ndiyo useme hapana. Wazee wake watakuwa hapa Jumapili mchana. Mimi sitasema hapana yako, wala sitakuibia ndiyo. Njoo uiseme mwenyewe, kwa mdomo huo uliopasuka.

Mkeo


Hoteli ya mwisho
Jumamosi, tarehe 16

Mama Kitinda,

Karatasi hii inatangulia na lori la alasiri. Sisi tunamalizia friza moja hapa, tunashuka alfajiri.

Kwanza wewe. Sijui nikuite nani. Juma zima nimepakiwa gari moja na ndiyo zako, nikila nazo, nikilala nazo, nazidharau kwa nguvu zangu zote, na kumbe ninayemdharau yuko jikoni kwangu. Kichefuchefu chote kile kilikuwa chako. Nilikuwa nashangaa hizi ndiyo nimezionja wapi, mbona hazina chumvi. Wewe huwezi kusema ndiyo ukajua inavyosemwa, huna mazoezi.

Nimemwendea Fundi akiwa amejibanza nyuma ya friza, nikamwuliza, ni kweli ulipewa maneno? Akasema kweli. Nikamwambia, basi leo nakufungulia, sema yako. Akafuta mikono taratibu. Akasema, "Unaendesha vizuri mzee, ila husikii." Nikamwambia nasikia kuliko sungura. Akasema, "Kompresa hii ya friza inapiga kelele tangu asubuhi, umeifanyia nini zaidi ya kuishinda kwa sauti?" Ananiambia hivyo mimi!

Tukaanzia hapo. Tumebishana upepo, tukabishana matairi, tukabishana namna ya kukaza boliti, tukabishana kama mjusi yule wa bwawani ni dume au jike. Hakubali. Ukimpa hoja anaigeuza anaiangalia chini, kama atakuta kutu. Kichwa kigumu, mdomo mchafu kidogo, majivuno ya kijinga kwa mtu anayepangusa mafriji. Mlinzi wa hapa alituletea chai ikapoa, akaja kuitoa, hatukumwona. Mchana umekwisha sijui umekwenda wapi.

Nilimwuliza vilevile alikunywa nini mchangani. Amekataa kuniambia. Nimemwambia ni amri. Amesema hapana mzee.

Sasa sikiliza hesabu, na usinikatize. Mtu niliyemkataa ni yule wa ndiyo mzee. Huyo alikuwa wako, ulimtengeneza wewe, na bado namkataa. Akija mlangoni nitamfukuza. Huyu mwingine nilikutana naye asubuhi ile alipochomoa ufunguo. Nilimwandikia hapana nikiwa simjui, tena kwa hasira ya mtu mwingine. Hapana ya namna hiyo haina mwenyewe. Mtu hawezi kukataliwa kwa jina la mwenzake, hata polisi hawafanyi hivyo.

Ile habari ya viti usiiandike tena kwenye karatasi zinazopita mikononi mwa madereva. Ukitaka kunisema, nisubiri nifike.

Mwambie Kitinda afungue sanduku atoe nguo, zitakunjika bure. Kama ni kuondoka ataondoka, simzuii, lakini ataondoka na mtu, na taratibu, si peke yake kwa hasira. Hasira ni yangu, sikumgawia.

Mjomba na shangazi wakifika kabla yetu wape maji wakae. Nitaingia nikiwa na vumbi, sitabadilisha shati, na nitanuna, wasije wakadhani tumemchoka mtoto. Waseme yote waliyokuja nayo, sitawasaidia. Wakimaliza nitasema ndiyo. Nitaisema mara moja tu na kwa sauti ya kawaida, kwa hiyo mwambie binti yako awe karibu, na afunge hilo bomba la kufulia nguo safi, na asikilize.

Baba Kitinda